Abiria Hewa wa Iwawa

Ukifika stendi ya Makambako ukauliza Hilary fundi simu yuko wapi, watu watakuangalia kama umeuliza bei ya bahari. Uliza Mafinga yuko wapi. Hapo hata muuza maandazi atakunyooshea kidole: kile kibanda cha bluu, chenye kijana kavaa sweta mbili na bado anajikunyata.

Jina lilimkuta hivi. Rafiki yake Anderson alikuwa anaoa hapo Makambako, bestimeni ni Hilary, na wakati huo Hilary alikuwa bado kapanga chumba Njombe mjini. Pete anazo yeye. Na siyo pete za kununua. Bajeti ya pete ilimezwa na ukumbi, kwa hiyo wazazi wa Anderson walivua zao wakawaazima watoto. Ya mama ilitoka kwa sabuni na maombi.

Asubuhi ya harusi, Njombe ilikuwa na baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Kosta ya Makambako ilikuwa haijajaa, na Kosta isiyojaa haiondoki hata kama abiria ni mtume. Likapita basi la Dar, Hilary akadandia. Akapata siti ya dirishani, jua likamwangukia kifuani juu ya suti, mwili ukasahau shida zote za dunia. Akalala. Basi likaingia Makambako, likashusha, likapakia, likaondoka, yeye katulia kama kiazi kwenye tuta. Alipofumbua macho aliona kibao cha duka. Akasoma. Akasoma tena polepole, labda ni usingizi. Mafinga.

Simu ikaita. Ni baba mdogo wa bwana harusi, kasimama uwanjani kwa kanisa, kaweka spika ili kamati nzima isikie.

"Uko wapi, kijana?"

"Nipo njiani, baba."

"Njia ipi?"

Hilary akakisoma kile kibao mara ya tatu.

"Hilary. Umefika wapi?"

"Mafinga."

Kwaya ilikuwa imejipanga hapohapo ikisubiri kuingia. Inasemekana sauti ya pili ndiyo ilianza kucheka, ya kwanza ikadakia. Ndoa ikafungwa kwa pete za mzee wa kanisa na mkewe, na jioni hiyo admin wa kundi la harusi akabadilisha jina la kundi bila kumuuliza mtu: "Mafinga Tutarudi." Mama yake Hilary alijitahidi sana kumtetea, akakomaa na jina la ubatizo mwezi mzima, mpaka siku moja ikamponyoka mwenyewe: "Mafinga, njoo ule." Kesi ikafungwa.

Sasa, katika watu walioumizwa na ile safari, kuna mmoja hakulalamika. Anaitwa Anyisile. Yeye alikuwa msimamizi wa bibi harusi, yaani ndiye aliyetakiwa kutembea na bestimeni kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Alitembea peke yake. Hilary alipofika ukumbini jioni, suti imekunjamana, akijificha nyuma ya masufuria ya pilau, yule dada akamfuata.

"Wewe ndiye Mafinga?"

"Ndiyo, dada. Samahani sana."

"Samahani ya nini? Mimi nimetembea vizuri tu. Mkono niliukunja hivi," akaonyesha, kiwiko kimetoka nje kidogo, "kama nimeshika mtu. Bibi mmoja nyuma nikamsikia anamwuliza mwenzake, huyu binti kaumia mkono?"

Hilary akacheka. Halafu akaacha, kwa sababu yule dada alikuwa bado hajaushusha mkono.

Ndivyo ilivyoanza. Anyisile ni mwalimu wa shule ya msingi Iwawa, kule juu Makete, ambako hata viazi vingepata sweta vingevaa. Kwao ni Tandala, chini kidogo kwenye njia hiyohiyo ya Njombe. Hilary naye baada ya muda akahamia Makambako, akafungua kibanda, maana stendi ndiko simu zinakodondoka zaidi. Katikati yao pakawa na milima, ukungu, misitu ya misindano, na kanuni moja tu ya usafiri: gari linaondoka likijaa.

Wewe uliyezoea mabasi ya saa unaweza usielewe. Mtu anakwambia nimeshapanda. Kweli kapanda. Kakaa kwenye siti. Lakini gari lenyewe bado liko palepale linaita watu, na yeye anaweza kukaa humo mpaka akamaliza kusoma Agano Jipya. Kwa hiyo Hilary akisema nipo njiani, Anyisile alikuwa anafunga viazi vya kuchemsha kwenye hotipoti, anaizungushia kitenge, anashuka stendi ya Iwawa kusubiri. Siku nyingine Hilary anafika. Siku nyingine anakwama Njombe, Kosta ya mwisho imeshapanda au imeghairi, anageuza kurudi Makambako. Viazi vinaliwa na makonda. Makonda wa Iwawa wakampenda sana yule mwalimu.

Siku moja akamwambia kwenye simu, kwa utani ule wenye ncha:

"Wewe si unajua mambo ya mitandao? Nitengenezee kitu kiniambie gari limefika wapi. Mdomo wako umeshindwa kazi."

Jamaa akakichukua kama amri ya jeshi. Alikuwa na diploma ya kompyuta aliyoichukua Mbeya, imekaa kabatini inaliwa na nondo. Akamtafuta Amos, waliyesoma naye, fundi wa ramani, mwenye kompyuta isiyozima kila ukiigusa. Wakakaa kibandani wiki kwa wiki, mteja akija na simu iliyopasuka kioo anaambiwa subiri kidogo, mpaka wakatoa app. Wakaiita Imefika Wapi.

Ilikuwa rahisi hata kwa bibi. Ukifika stendi unabonyeza "Nipo stendi", dereva aliye mbali anajua kuna watu. Ukiingia garini unabonyeza "Nimepanda", na kuanzia hapo simu yako ndiyo inayoonyesha gari linavyotembea: kagari kadogo ka kijani kanajikokota kwenye ramani, kona kwa kona. Haikuuliza jina wala namba. Hilo lilikuwa wazo la Hilary na alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu watu wa huku ukiwaomba jina na namba wanadhani ni mkopo wa mtandaoni, kesho utampigia mpaka mchungaji wao. Badala yake kila simu ilipewa jina la zao. Ukijiunga unakuta wewe ni Ngano, au Parachichi, au Kitunguu. Kulikuwa na mzee mmoja wa heshima zake Njombe aliyepewa Kabeji, hakufurahi.

App ikakamata. Njombe stendi watu wakawa wanakunywa chai kwa amani badala ya kukimbilia kila injini inayonguruma. Hilary akawa staa. Na hapa ndipo uchawi ulipogeuka. Kitu alichokitengeneza ili amfikie mtu kikamfunga kibandani. Ijumaa hii kuna hitilafu, Ijumaa ijayo kuna toleo jipya, Ijumaa ile Amos ana homa. Safari za Iwawa zikapungua, zikawa za kuhesabika, zikawa za kukumbukwa.

Februari Anyisile akapiga.

"Baba kaniuliza tena. Nimwambie nini?"

"Mwambie najenga kitu."

"Nyumba?"

"App."

"Atauliza ina vyumba vingapi."

Wakacheka wote. Kisha sauti ya Anyisile ikashuka.

"Pasaka, Hilary. Njoo na mshenga Tandala. Mshenga mmoja na kilo ya sukari, baba yangu hana makuu. Aone tu kwamba yupo mtu."

"Ngoja app itulie kwanza."

"Sawa."

Pasaka ikaja, watu wakasafiri kwa wingi, app ikazidiwa, Hilary akashinda kibandani akiifufua. Alimwandikia Anyisile ujumbe mrefu wa kuomba radhi wenye mistari ya Biblia. Akajibiwa tena: "Sawa." Na wewe unayesoma unajua, sawa isiyo na emoji siyo sawa.

Kuna jambo lingine. Walimu wana makundi yao ya kubadilishana vituo: wewe uko huku unataka kule, mimi niko kule nataka huko, tunaandika barua, kila mtu anahamia kwa mwenzake. Anyisile alikuwa ameomba Makambako siku nyingi. Hakuna mwalimu wa Makambako aliyetaka kupanda kwenye baridi. Lakini akatokea mmoja wa Kasulu, Kigoma huko, mwisho wa nchi. Mume wake ni mtu wa Makete, anataka Iwawa haswa. Anyisile akamtumia Hilary ujumbe: "Wa Kasulu ananisumbua. Nimemwambia asubiri kidogo."

Hilary alijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba, ndugu zangu. Mtu anakuambia naweza kwenda Kasulu, unamjibu kwa kidole.

Wiki chache baadaye akapigiwa simu na Yonathani, dereva wa Kosta ya Njombe kwenda Makete, mtu mzima, mpole mpaka umkosee.

"Mafinga, shikamoo sitaki. App yako iliniambia Iwawa kuna watu wa kujaza gari na wengine wakabaki."

"Ndiyo mzee, hata mimi niliwaona."

"Nikapanda huko na siti tupu kwa ajili yao."

"Na?"

"Nimekuta binti mmoja anaenda chuo. Mmoja. Waliobaki ni mama, baba, mashangazi, jirani, mwenyekiti wa kitongoji na kwaya ya vijana. Wote wana simu, wote wamebonyeza."

"Sasa kwa nini wabonyeze?"

"Walikuwa wanamsindikiza. Wamenipungia mikono mpaka kwenye kona, nimejisikia naenda Ulaya. Na gari tupu."

Sasa Hilary siyo mgeni. Kalelewa hukuhuku. Anajua kwamba mtu hatoki nyumbani peke yake kama mwizi. Mgeni akisema naondoka, unabeba mfuko wake, unatoka naye, mnapiga stori hadi njia panda, unasimama naye mpaka gari lije, na likija husemi haya kwaheri ukageuka. Unasimama mpaka vumbi litulie. Kumsindikiza mtu nusu njia ni maneno, kumwacha mlangoni ni maneno makubwa zaidi. Yote hayo anayajua. Lakini siku hizo alikuwa anaona watu kama nukta kwenye kioo, na nukta isiyosogea aliiona ni kosa.

"Hawa ni abiria hewa," Amos akasema. "Kama wale watumishi hewa, wapo kwenye orodha, kazini hawapo."

"Tuwaondoe."

"Wote?"

"Kila aliyebonyeza stendi miezi yote hii na hajawahi kupanda gari. Ondoa."

Wakaanza zoezi. Wakawa wanacheka majina yakipita: kwaheri Maharage, kwaheri Kabeji, kumbe mzee wa heshima hasafiri. Mpaka wakafika kwa mmoja anaitwa Pareto. Huyu alikuwa tofauti. Wengine walibonyeza mara moja moja, siku za watu kuondoka. Pareto alikuwa stendi ya Iwawa kila Ijumaa, masomo ya siku yakishaisha, wiki kwa wiki, mvua na ukungu. Anabonyeza, anakaa, anatazama magari yanayopanda. Hajawahi kupanda gari hata moja.

"Huyu mshindani," Amos akasema. "Kuna mtu anatupeleleza atengeneze ya kwake."

"Au mpiga debe."

"Mpiga debe gani wa Ijumaa tu?"

Hilary akamwondoa mwenyewe. Ujumbe wa kufungia alikuwa ameuandika yeye, kwa adabu, na alijisifia jinsi ulivyo mfupi.

Siku ya pili, mchana, simu. Ni mama yake mdogo Feliciana, aliyeolewa Tandala.

"Hilary mwanangu, nimekukosea nini?"

"Kamwene mama mdogo. Kuna nini tena?"

"Kamwene. Umenifungia."

"Nani, mimi?"

"Imeandikwa hapa. Mpendwa Maharage, akaunti yako imefungwa kwa sababu husafiri. Ni kweli sisafiri, magoti yananiuma. Anayesafiri ni Lukas wangu, anasoma Njombe. Mimi namtazama Lukas."

"Unamtazamaje?"

"Si hako kagari? Akishapanda, naingia jikoni na simu. Naiegemeza kwenye kopo la chumvi. Kakifika Moronga nasonga ugali. Kakifika Njombe nakula. Jana Lukas kaondoka na sijui kafika saa ngapi, ugali umelala. Sikujua inahitaji nauli, mwanangu. Ungesema."

Hilary akasema nitairudisha, mama mdogo, nitairudisha leo. Akakata simu, akabaki kaishika. Kwenye kichwa chake kulikuwa na zao moja tu linazunguka, na alikuwa anaomba lisiwe.

Ujumbe ukaingia. Skrinishoti.

"Mpendwa Pareto, akaunti yako imefungwa kwa sababu husafiri. Siku ukisafiri, karibu tena."

Chini yake, Anyisile kaandika: "Pareto ni mimi."

Kisha: "Ijumaa nikitoka shule huwa napita stendi. Nilikuwa naangalia yanayopanda. Labda umo."

Kisha, baada ya muda ambao Hilary aliuona wote ukipita: "Usijali. Ni kweli sisafiri."

Aliandika akafuta. Akaandika akafuta. Kule juu mwenzake alikuwa anaona tu ile "anaandika", ikija na kuondoka kama taa ya gari kwenye kona. Mwisho hakutuma kitu. Akamwambia Amos washushe kazi zote. Wakarudisha akaunti zote walizozifunga. Wakaongeza kitufe kingine, chenye alama ya jicho: "Natazama." Ukikibonyeza huhesabiwi kama abiria, ila waliomo garini na wanaolifuata kwenye ramani wanaona kwamba kuna mtu anawafuata kwa macho, na yuko wapi.

Ijumaa alfajiri akafunga kibanda.

Safari ile, Hilary alikaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Gari lilipojaa Njombe na kuanza kupanda, macho yakaanza kutokea. Jicho moja kutoka Njombe, la mke wa mtu pengine. Jicho kutoka Moronga. Tandala likawaka la Maharage, mama mdogo karudi kazini, ingawa siku hiyo Lukas hakuwemo. Iwawa hakukuwa na jicho. Gari likapita Tandala, likaendelea kupanda, ukungu ukashuka hadi kwenye vioo, na Iwawa ikabaki hivyohivyo.

Stendi konda mmoja akamtambua.

"Mwalimu wa viazi hajaja leo. Mmegombana?"

Akapanda kwa miguu hadi kwenye nyumba za walimu. Anyisile alikuwa mlangoni anamenya viazi, jiko la mkaa pembeni, shuka la Kimasai mabegani. Hakushtuka. Akamvutia kigoda.

"Umekula?"

"Bado."

"Kaa."

Wakakaa. Mkaa ukawa unalialia. Hilary akaanza na alichokijua.

"Nimerudisha akaunti yako."

"App nimeshaifuta."

"Tumeweka kitufe kipya. Cha mtu anayesubiri."

Anyisile akakizungusha kiazi mkononi, akatoa jicho lake kwa ncha ya kisu.

"Hilary, mimi sikukosa kitufe."

Ukungu ulikuwa unapita katikati ya nyumba na nyumba. Watoto wa shule walipita njiani wakamwamkia mwalimu, wakamkagua mgeni, wakaondoka wakinong'ona.

"Nimekuja," Hilary akasema.

"Nakuona. Umekuja peke yako." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Hilary. "Gari lako limepita mlangoni kwa baba, ukakaa kwenye siti, ukanifuata mimi. Mimi sina tatizo la kukuona. Mimi nataka waone wengine kwamba nilikuwa sijaukunja mkono bure."

"Wa Kasulu?"

"Kapiga jana. Nimemwambia Jumapili nitampa jibu."

"Utamjibu nini?"

"Wanasema Kasulu hakuna baridi."

Wakaingia ndani, akampakulia. Viazi, maharage, chai ya rangi yenye tangawizi. Akamwuliza hali ya mama yake, akamwuliza kuhusu Amos, akacheka kidogo habari ya mzee Kabeji. Kila kitu kama zamani, na hicho ndicho kilichouma. Alasiri Kosta ya mwisho ikapiga honi huko chini. Hilary akasimama. Anyisile naye akasimama, akamfungia viazi kwenye mfuko, akatembea naye.

Hadi mlangoni. Akasimama kwenye kizingiti, akajiweka sawa shuka.

"Safari njema."

Hilary akasubiri kidogo, maana mwili ulishazoea kuwa na mtu ubavuni kwenye ile njia. Kisha akashuka peke yake. Kuna mama alikuwa anachuma figiri bustanini, akamtazama anavyopita na mfuko wake bila mtu, akainama haraka. Kila mtu Iwawa anajua maana ya mgeni anayeshuka peke yake.

Garini hawakuwa wengi, maana Kosta ya mwisho ndiyo pekee isiyosubiri kujaa. Mzee aliyejifunika blanketi, mama mwenye kuku kwenye kapu, vijana wawili wa kubeba mbao, binti mwenye begi la shule. Hilary akakaa nyuma. Akabonyeza "Nimepanda" kwa mazoea tu. Wakaanza kushuka, na kona ya kwanza ilipomeza mabati ya Iwawa akatazama kioo cha simu ili asitazame nyuma.

Kulikuwa na jicho.

Moja. Iwawa. Jina: Ngano. Akaunti mpya, imefunguliwa alasiri hiyohiyo.

Moyo ukampiga mpaka akaona aibu, akadhani binti wa begi atausikia. Halafu akili ikaanza kumsumbua. Huyu mzee wa blanketi hana mke? Mama wa kuku hana watoto? Binti huyu kasindikizwa na ukoo mzima, Hilary aliwaona stendi kwa macho yake. Ngano anaweza kuwa wa yeyote. Akampigia Amos.

"Mtu akifungua akaunti leo, tunaweza kumjua ni nani?"

"Hatuwezi kaka. Tulitengeneza hivyo makusudi. Uliniambia mwenyewe, tusijue."

"Hakuna namna?"

"Hakuna. Ulikuwa mkali sana kwenye hilo."

Akakata. Angeweza kuuliza garini, jamani nani ana mtu Iwawa anayeitwa Ngano. Hakuuliza. Aliogopa kwamba kuna mtu angejibu.

Wakaenda hivyo, kagari ka kijani na jicho moja juu yake, kona kwa kona, mpaka nyumba za kwanza za Tandala zikatokea. Konda akauliza, kuna wa kushuka hapa? Hilary tiketi yake ni ya Njombe. Akatazama njia inayoingia kulia, ile inayokwenda kwa baba yake Anyisile. Amepita hapa mara ngapi, akiwa amelala au akiwa na haraka.

"Shusha," akasema.

Akasimama barabarani na mfuko wake wa viazi. Akabonyeza "Nimeshuka", maana yeye ndiye aliyewafundisha watu wabonyeze. Kosta ikaondoka na mzee wake, na kuku wake, na binti wake. Hilary akabaki anaitazama kwenye simu. Gari lilikuwa linaendelea kushuka kuelekea Njombe, limebeba watu wenye watu wao.

Jicho la Iwawa likazimika.

Labda ni mtandao. Kule juu mtandao unakatika kwa kuamua tu. Ndivyo alivyojiambia akitembea kwenda kwa mama yake mdogo Feliciana, akitembea kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia kwenda popote.

"Mama mdogo, unamfahamu baba yake mwalimu Anyisile?"

"Tunasali wote. Kwa nini?"

"Kesho nataka unipeleke."

Feliciana akamtazama, akautazama mfuko wa viazi, akaelewa vyote kwa pamoja kama wanavyoelewa mama wadogo.

"Magoti yananiuma," akasema. "Tutatoka mapema."

Jumamosi wakaenda, yeye, Feliciana na mzee mmoja wa kanisa wa kusemea. Wakapokelewa vizuri. Mshenga akasema yake kwa mafumbo yaliyonyooka, Hilary katazama sakafu muda wote kama inavyotakiwa. Baba wa binti akasikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani, akajibu neno lile ambalo wazee wa huku hujibu, lisilo ndiyo wala hapana:

"Tumewasikia. Tutawaita."

Jumapili ikaja. Hilary hakupiga simu, aliambiwa kwamba sasa maneno yanapita kwa wakubwa. Kama wa Kasulu alijibiwa au hakujibiwa, hajui. Anyisile hajaandika kitu. Hajamfungia pia. Mara anaonekana yupo hewani, mara hayupo, na Hilary anaijua ile nukta ya kijani kuliko anavyoijua app yake.

Siku hizi ukipita pale kibandani utamkuta na simu za wateja mezani, ya kwake kaiegemeza ukutani. Magari ya kutoka Makete yanashuka Njombe, watu wanaunganisha, wanakuja hadi Makambako. Yeye kabonyeza "Natazama". Amos anasema kile kitufe sasa kinabonyezwa kuliko vyote, watu wanaobaki ni wengi kuliko wanaosafiri. Gari likiingia stendi, Hilary anainua shingo. Wakishuka wote, anairudisha kwenye bisibisi.

Basi na wewe usipite kimyakimya kama hukuguswa. Niambie hapo chini: ulimsubiri nani stendi, akaja au hakuja? Au kuna gari uliwahi kupanda, kumbe nyuma kuna mtu alikuwa anakutazama na wewe hukujua? Andika hata mistari miwili. Majina mnaweza kuficha, mkijiita Kabeji hatutauliza. Hilary huwa anapita kwenye komenti, anasoma zote.